Kifungu cha Saba

Baba yangu alimpeleka mtu kwa kadhi ili aulize swali moja tu: je, kilima changu nimekiuza au sijakiuza?

Mmesoma sawa. Mwenye mali mwenyewe alikuwa hajui kama ameuza.

Aliyejua ni mimi, mwanawe wa pekee, niliyekaa nyuma yake siku ile nimeinamisha kichwa.

Msinitukane bado. Ngojeni nimalize, mtanitukana vizuri.

Baba alikuwa fundi cherehani. Msahafu aliusoma bila kukwama, lakini hizi herufi zetu za mkataba na barua hakuzijua. Namba alizijua. Angewezaje kutozijua, mtu aliyepima viuno vya watu miaka arobaini?

Mali yake ilikuwa kilima kidogo nje ya mji. Mama ndiye aliyekilima. Alikikata matuta kwa jembe, akapanda kunde na mihogo, na mgongo wake uliishia pale.

Mama alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimshika baba mkono.

"Usikiuze."

"Wallahi sitakiuza," baba akaapa.

Mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Miaka ikaenda. Akaja mtu mmoja, sisi tulimwita Bwana Jasi, maana kazi yake ilikuwa kuchimba jasi, lile jiwe jeupe linalosagwa viwandani. Alikuwa ameshapima kilima chote. Kimejaa jasi tupu.

Baba akamwambia, "Kuuza siuzi. Nina kiapo."

Bwana Jasi hakubishana. Alinifuata mimi.

Mimi nilikuwa na meza yangu chini ya ngazi za jengo moja, kompyuta moja na printa inayokohoa. Kazi yangu ni kuwaandikia na kuwasomea watu barua. Mteja akitaka fotokopi, namtuma duka la jirani, na roho inaniuma kila siku.

"Tutaandika kukodisha," Bwana Jasi akaniambia. "Miaka mitano. Mzee hajauza, kakodisha. Kiapo kipo salama, au siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Kuna kifungu cha saba kinaweza kumsumbua. Lakini wewe ni msomi, utajua namna ya kumsomea. Na mashine ya fotokopi nitakuletea mwenyewe."

Basi, ndugu zangu, tamaa ikanivaa kama nguo.

Kifungu cha saba kilisema hivi: jasi yote itakayotoka, kiasi kadhaa kwa bei kadhaa, ni mali ya mchimbaji, na mwenye ardhi hatadai kurudishiwa udongo wala umbo la kilima.

Nikamsomea baba. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Cha saba nikakiruka. Nikaingia cha nane kwa sauti ile ile, hata sikumeza mate.

Baba akanitazama kidogo.

"Kitarudi?"

"Kitarudi, baba. Ni kukodi tu."

Akabonyeza kidole gumba.

Mashine ikaja. Meza yangu ikawa duka, likachangamka. Maisha yakanoga, sitawadanganya.

Siku miaka mitano ilipotimia, baba alivaa kanzu safi, akabeba jembe la mama begani, akaenda kupokea kilima chake.

Alikuta shimo.

Shimo lenye maji ya kijani, na vyura wanapiga kelele. Baba alizunguka ukingo wake akitafuta matuta. Nilimfuata nyuma. Alitafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo, anainama, anainuka, anainama tena. Mwisho akakaa chini na jembe lake mapajani.

"Mwanangu," aliniuliza, "mimi nimeuza?"

Nikamwambia twende nyumbani, jua kali. Ndiyo akaenda kwa kadhi.

Kadhi alikuwa na chumba kidogo, feni inazunguka, mafaili yamejaa hadi dirishani. Bwana Jasi alikaa kulia, sisi kushoto. Kadhi akausoma mkataba wote, kisha akauweka chini.

"Mzee wangu, kukodisha ni kuuza manufaa ya kitu, kitu chenyewe kinabaki. Ukikodisha nyumba, mtu atalala, nyumba ipo. Ukikodisha punda, atabeba mizigo, punda atarudi. Sasa ukikodisha mshumaa ili uwashwe, utarudishiwa nini?"

"Utambi," baba akasema.

Tukacheka wote. Hata Bwana Jasi.

"Haya," kadhi akasema, "ndiyo maana wanazuoni wengi wamekataa kukodisha mgodi kwa namna hii, kwa sababu kinacholiwa ni kitu chenyewe. Wapo walioruhusu, nao wana hoja zao. Lakini sisi katika mikataba hatutazami jina tu, tunatazama makusudio. Karatasi inaweza kusema kodi, na watu wakawa wameuziana."

Bwana Jasi akadakia, "Sheikh, tuliuziana jiwe. Kifungu cha saba kinasema wazi."

Kadhi akamgeukia baba.

"Basi yote yamesimama hapo. Kama hukusomewa kifungu hicho, hukuridhia. Mkataba ni batili, hukuuza kitu, kiapo chako kizima, na huyu bwana atalipa thamani ya alichochimba. Kama ulisomewa ukaridhia, uliuza, na kiapo umekivunja. Nani alikusomea?"

"Mwanangu huyu."

"Alikusomea kifungu cha saba?"

Nilijua nikifungua mdomo, nani tena ataniletea barua yake nimsomee? Duka kwisha, jina kwisha.

Baba aligeuka akanitazama. Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepona.

Akamrudia kadhi.

"Alinisomea vyote. Hakuruka hata neno."

"Una hakika, mzee?"

"Nina hakika."

Na mimi nikanyamaza. Nilikaa pale na mdomo wangu mzima, nikanyamaza.

Bwana Jasi akatoka anatabasamu. Baba akauliza kafara ya kiapo. Kadhi akamwambia alishe maskini kumi au awavishe, na asipoweza, afunge siku tatu.

"Kuvisha naweza," baba akasema. "Cherehani ninayo."

Akakaa kushona kanzu kumi. Macho yalikuwa yameshachoka, sindano aliitunga kwa kupapasa. Nikamwomba ninunue zilizo tayari, akakataa. Kiapo kilikuwa chake.

Alipomaliza, aliniita nimsaidie kuzikunja. Akawa anazihesabu.

"Ya nne. Ya tano. Ya sita. Ya nane."

"Baba, umeruka ya saba."

Akaiweka chini ile kanzu.

"Kumbe mtu akiruka unasikia?"

Nilidondoka magotini. Nililia hadi kamasi. Nilimwambia yote, mashine, Bwana Jasi, yote. Baba akanifuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichobaki.

"Siku ile nilikusikia. Sita, halafu nane. Namba hainipiti mimi."

"Sasa kwa nini ukaweka kidole?"

"Nilisema moyoni, mwanangu kasoma. Kama kakiruka, basi hakina maana."

Nilimsihi turudi kwa kadhi kesho yake. Akasema amechoka, tutakwenda akipata nguvu. Hakuzipata. Kifua kilimbana, na mwezi ulipoandama tulikuwa tumeshamzika.

Baada ya matanga nilikwenda peke yangu. Nikamwambia kadhi ukweli wote, bila kujificha. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nakuamini," akasema.

Moyo ukanirudi.

"Lakini sina la kukusaidia. Siku ile ungesema hapa, ungekuwa unakiri kosa lako mwenyewe, na kukiri ningekupokea papo hapo. Leo wewe ni mrithi. Neno lile lile leo ni dai la mali dhidi ya Bwana Jasi, na baba yako alikiri mbele yangu kwamba alisomewa. Dai linataka shahidi. Shahidi wako nani?"

Alikuwa mmoja tu, na tumeshamzika.

Nikatoka nje. Watu wanapita, wananisalimia, "Habari za duka?" Nzuri, nikawa nasema. Nzuri.

Basi ndiyo hiyo. Somo langu ni fupi. Ukimsomea mtu asiyejua kusoma, yeye haazimi macho yako, anakukabidhi shingo yake. Na kama kuna ukweli umeukalia, nenda kauseme leo, wakati bado ni aibu yako wewe. Ukiuchelewesha utakuja kuonekana kama ni faida unayoitafuta.

Mimi bado nasomea watu barua. Wananiamini sana.