Usafi wa Cherono

Mwaka wa hamsini na saba, katika shamba moja la mzungu chini ya mlima Menengai, hakuna aliyemshinda Cherono kwa usafi. Mjane huyu alifagia hata njia ya ng'ombe. Kwa sifa hiyo Bwana Harling, mchunguzi wa wadudu, alimwajiri kulinda pango walimoishi wadudu wake, na kwa kazi hiyo akaachiwa kibanda. Kazi ikipotea, kibanda nacho kimekwenda, arudi rizavu, eneo walilotengewa Waafrika, kwa mashemeji wasiotaka hata kumwona.

Na wadudu wenyewe sasa! Weupe, wadogo kuliko punje ya wimbi, kutwa kulamba kuvu kwenye kuta zenye unyevu na kufunika mayai kwa utando. Tena wote majike; walizaana bila dume hata mmoja.

"Hao wana akili," alisema Cherono, akimkumbuka marehemu mumewe.

Siku moja Bwana akamwambia, "Kesho wageni nakuja kuona dudu yangu. Wewe chunga pango mzuri sana."

Cherono alimwonea huruma. Mtu mzima apokee wageni kwenye utando na kuvu! Akafagia. Akasugua kuta kwa majivu. Kisha akachoma matawi ya senetwet, mti wa kufukizia vibuyu vya maziwa, hadi pango likakauka na kunukia vizuri. Gogo bovu la mlangoni akalibeba kwake. Kuni ni kuni.

Wageni walikuja na vioo vyao vya kukuzia, wakakagua ukuta mtupu. Kuvu hakuna, unyevu hakuna, mdudu atoke wapi?

Walipoondoka, Bwana alikwenda kibandani, uso umemwiva, kumwambia afungashe. Cherono alikuwa ameshakunja blanketi. Ghafla Bwana akainama. Kando ya mtungi wa maji lilikuwa lile gogo, bado lina unyevu, na chini ya magome yake weupe wale walikuwa wakilamba kuvu bila wasiwasi.

Basi Cherono akaachiwa kazi na kibanda, kwa sharti moja: ndani asifagie, asifute utando, asiwashe moto.

Miezi ikapita. Jirani yake, Sally, alichungulia mlangoni, akaona utando umeshuka hadi kitandani.

"Mama, kwani wewe ni mgonjwa?"

Cherono alitazama ufagio wake pale ukutani, machozi ya aibu yakimlenga.

"Hapana," akasema. "Niko kazini."