Sifuri Iko Kulia

Fundi Parmuat wa Karatu alikuwa mbishi tangu utotoni kijijini kwao Piyaya. Baba yake alimpa ng'ombe achunge, yeye akafungua redio ya mzee aone nani anaongea humo ndani. Viboko alivipata, na ufundi akaupata. Miaka thelathini alitengeneza redio na chaja za sola katika kibanda chake nyuma ya soko, naye alimfukuza bila haya mteja mwenye haraka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kumrekebisha: binti yake wa kwanza. Jina lake silitaji bado. Kwao Wamasai aliyekufa hatajwi, nami naheshimu msiba wa mwenyewe. Binti alisomea umeme Arusha, na kwa mshahara wake wa kwanza akamnunulia baba yake mita ya mshale ya kupimia umeme.

"Baba, hizi za namba zinakupa jibu tu," alimwambia. "Huu mshale unauona ukitembea."

Baada ya mwaka mita ikaanza kusoma zaidi ya ukweli. Binti akaja likizo, akaanza kuunda kiboksi cha kuirekebishia: betri, nyaya chache, na swichi ya kuzungusha kama ile ya sauti ya redio. Kingetoa umeme mdogo sana, uupandishe kidogo kidogo, ukilinganisha mshale na mita nyingine ya uhakika. Parmuat alikuwa Piyaya kuangalia ng'ombe wakati kiboksi kilipobakiza waya mmoja tu. Aliporudi alimkuta binti ana homa. Wiki haikuisha, wakamzika.

Juu ya kiboksi binti aliacha maandishi ya kalamu nene, na chini yake jina lake. Parmuat aliliona jina tu. Mila haikumruhusu kulisoma, wala moyo. Akabandika tepu nyeusi juu ya maandishi yote, akakiweka rafuni miezi mitatu.

Asubuhi moja alikishusha. Alitaka jambo moja tu duniani: mita ya mwanawe iseme kweli tena. Akaunga waya uliobaki, akazungusha swichi kushoto mpaka mwisho, maana maisha yake yote sifuri ilikuwa kushoto. Mazoea yana taabu. Alipounganisha mita, mshale uliruka, ukagonga ukingo, ukapinda. Waya wa ndani, mwembamba kama unywele, uliungua palepale. Mita ikamfia mikononi.

Akabandua tepu kwa kucha.

"Baba, nimegeuza nyaya, usinicheke. Sifuri iko kulia. Nalotuesha."

Mara ya kwanza alisoma kimya. Mara ya pili sauti ilimtoka.

"Nalotuesha," alisema. "Nalotuesha wangu." Akalia kwa sauti, mchana kweupe, wapita njia wakimtazama.

Mkewe Namunyak alikuwa amefika mlangoni na chai, na amesikia yote. Alikuwa na haki ya kumkemea kwa kumtaja marehemu. Akaweka birika chini, akaketi sakafuni kando yake.

"Litaje tena," alisema. "Mimi nimeshindwa miezi mitatu."