Siku Mwanakombo Alipotoka Ndani

Mwanakombo hakuwa mtu wa kukaa ndani. Tangu usichana wake alikuwa akitoka Ujiji alfajiri kwenda Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kununua dagaa wabichi, akiwaanika na kuwageuza mchangani, na jioni akirudi na harufu yao kwenye khanga. Huko ndiko alikokutana na Abdulmajid, fundi wa injini za boti, aliyependa kumtania kwamba anauza mchanga wenye dagaa kidogo. Wakaoana, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Shadia.

Abdulmajid alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, Mwanakombo alikaa eda kama mjane wa Kiislamu anavyotakiwa: ndani ya nyumba, bila wanja, bila manukato. Kuta zilimwelemea, lakini aliishika eda yake, na mtaa mzima ukamsifu.

Shadia alikuwa kidato cha tatu. Kabla baba yake hajazidiwa na ugonjwa, alikwenda mtaa wa Rusimbi kwa rafiki yake Scola, wakacheza muziki na wenzao, Scola akawarekodi. Video ikakaa kwenye simu ya Scola. Wiki ile ya mazishi, bila kufikiri, Scola akaiweka mtandaoni. Mtu akaandika chini yake: "Kaburi la baba halijakauka, binti anakata mauno." Maneno hayo yakapendwa. Scola alipoifuta, video ilikuwa imeshafika kwenye makundi ya shule, ya mtaa, hata ya ukoo.

Mwanzoni Shadia alijitetea. Aliandika kwamba video ni ya zamani, wakamwita mwongo. Akaacha kuandika, akabaki kusoma. Alisoma akila, mpaka akaacha kula. Shule hakwenda, akisema kichwa kinamuuma. Mama yake alipomwambia aizime hiyo simu, alimtazama kwa macho yaliyovimba.

"Nikiizima hawanyamazi, mama. Wanaendelea tu, ila mimi sijui wanasema nini."

Mwanakombo alimwombea dua, akamsomea Kurani kwenye maji, akamnywesha. Akamsihi wifi yake Hadija, aliyekuja kukaa naye msibani, ampeleke mtoto hospitali. Hadija akaona wasubiri eda iishe. Mtoto kafiwa na baba, alisema, huzuni itapita.

Asubuhi moja Mwanakombo alipeleka uji chumbani akakuta kitanda kitupu. Simu ilikuwa juu ya mto, ikitetemeka. Aliweka uji chini. Tangu mambo hayo yaanze, simu ile haikuwahi kutoka mkononi mwa mwanawe, hata chooni alikwenda nayo. Mtu aliyeiacha hivyo hakuwa amekwenda dukani.

Hadija alimzuia mlangoni. Akamkumbusha maneno ya watu, akamkumbusha marehemu, akajitolea kwenda yeye.

"Wewe hujui alikokwenda," Mwanakombo alimjibu. "Sheikh aliyenielekeza eda alisema kutoka kwa dharura kunaruhusiwa. Kama hii si dharura, basi Mungu atanihukumu mwenyewe."

Alipanda bajaji na nguo zake za eda, akaenda moja kwa moja Kibirizi, mahali Abdulmajid alipokuwa akifungua injini zake na Shadia akimfuata tangu utotoni. Viatu vya Shadia vilikuwa mchangani, vimewekwa pamoja. Mwenyewe alikuwa amesimama ziwani, maji magotini, akitazama upande wa Kongo. Mwanakombo hakuita. Aliingia na nguo zake, akamshika mkono.

Shadia aligeuka kama aliyeamshwa. "Mama? Umetoka?"

"Nimetoka. Twende."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliinua migongo. Mmoja alimtambua mwenzao wa zamani, akaziba mdomo kwa khanga. Kijana mmoja aliinua simu. Shadia ndiye aliyemwona kwanza, akauvuta mtandio wake kumfunika mama yake uso.

"Wanakupiga picha, mama. Na uko eda."

"Waache wapige. Wakinisema, tutakuwa wawili."

Hawakurudi nyumbani kwanza. Walikwenda hospitali, nguo zikiwa bado mbichi. Muuguzi akakaa na Shadia peke yake, mlango umefungwa, na akataka arudi tena wiki inayofuata. Mwanakombo alingoja kwenye benchi, akivuta tasbihi, bila kujua aombe nini zaidi.

Jioni picha ilifika kwenye kundi la mtaa. Hadija aliiona, akainuka, akaenda jikoni. Mwanakombo akamwomba Shadia amsomee yaliyoandikwa juu yake. Shadia akaanza, akafika katikati ya sentensi, akaacha.

"Usiyasikie, mama. Hawajui chochote."

"Hawajui nini?"

"Kwamba ulikuwa unanitafuta mimi."

"Na video yako je, walijua ni ya lini?"

Shadia aliilaza simu kifudifudi kwenye mkeka. Hadija akaleta ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka kwa mawese. Shadia akala matonge machache, akasukuma sahani. Simu ikatetemeka. Akaitazama muda mrefu, kisha akaichukua, akampa mama yake amshikie mpaka asubuhi.