Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu ni mkataji wa vitambaa, na nalisema hilo kwa kujidai. Karakana yao hushona sare za shule, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kaptula iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Wenzake humwita Mkasi. Wao wanasema ni kwa sababu ya kazi. Sisi tunaoishi naye tunajua ni kwa sababu ya ulimi.

Alipopatikana na saratani ya titi, alitutangazia wakati wa chakula kama mtu anayetoa taarifa ya maji kukatika. Upasuaji ulifanyika upande wa kulia, na tezi za kwapani zikatolewa pia. Baba, ambaye ni kaka yake, alipoanza kulia pale wodini, Shangazi alimwambia, "Wamechukua titi, kaka. Akili wameniachia." Lakini daktari alimkataza kazi nzito kwa mkono ule, na mkasi unaopita tabaka sita za kitambaa si wa kukatia kucha.

Karakana ilimlipa miezi miwili, wa tatu ikampa nusu, wa nne kimya. Tukajifunga mkanda. Baba akawa anakwenda kazini kwa miguu, redio ikauzwa, na bado nauli ya kliniki ilitutoa jasho. Ndipo meneja alipoleta barua: Shangazi asaini kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, apewe kiinua mgongo, mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Hiari yangu ameiona wapi?" aliuliza, akaitia barua kwenye pochi.

Akaanza kujifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Nyumba ikajaa kaptula za magazeti, zote zimeenda upande. Nilidhani mkono ndio umeshindwa, nikamwonea huruma kimyakimya.

Siku moja nikarudi nikakuta maziwa yamewekwa kwenye ndoo ya maji. Friji haipo. Baba alidhani imeuzwa kwa ajili ya dawa, mpaka Shangazi alipofungua kifurushi. Ndani mlikuwa na mkasi mkubwa, mpya, uliotengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kushoto.

"Umeuza friji ununue mkasi?" Baba alisema. "Na mkasi unao?"

"Ule nikiushika kushoto, bapa lake la juu linaziba mstari wa chaki. Nitakataje nisichokiona?"

Na mimi, nikiri tu, nilikuwa upande wa Baba. Nilikuwa nawaza maziwa.

Ijumaa ilipofika nilimbebea mkoba hadi karakana. Meneja alimvutia kiti. Si mtu mbaya, ila alikuwa ameshaamua.

"Dada, tusiutese mkono wako. Saini tu, upumzike."

"Nipe tabaka sita kwanza. Nikiharibu, nasaini."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Shangazi akatandaza kitambaa, akachora, akaanza. Hakuwa na kasi yake ya zamani. Mara mbili alisimama akakung'uta vidole, jasho limelowesha kitambaa cha kichwani, na mimi nikawachukia watu wote waliokuwa wakimtazama, hata waliokuwa wakimwombea.

Mkataji dhaifu hujulikana kwa kipande cha chini kabisa, kwa sababu ndicho kinachoteleza. Meneja alikivuta hicho, akakilaza juu ya kile cha kwanza, akapitisha kidole ukingoni taratibu. Akarudia tena kuanzia mwanzo. Hakuna kilichochomoza popote. Nilijivuna utadhani nimekata mimi.

"Haya," alisema meneja. "Njoo Jumatatu."

Shangazi alitoa ile barua kwenye pochi, akaigeuza upande mweupe, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Jumatatu nina kliniki. Kila Jumatatu, mpaka daktari aseme basi. Andika kwamba naanza Jumanne, na kwamba Jumatatu zangu hazikatwi kwenye mshahara."

Meneja alitutazama, akatazama mafundi, akainama kuandika. Shangazi alisoma mstari kwa mstari, kisha akairudisha karatasi mbele ya meneja.

"Hujasaini," alisema.