Wimbo Tuliouita Mashine

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, ya chuma chenye kutu na uchungu kidogo, na mpaka leo ikinipitia puani najikuta nimerudi nyumbani kwetu karibu na Samuye, mkoani Shinyanga, miaka ile ya themanini, msimu wa mavuno. Pamba ilikuwa imeshapelekwa kuuzwa, mtama umetandazwa kukauka, na pembeni ya mtama huo kaka yangu Masanja alikuwa amepanga betri zake ili jua lizirudishie nguvu. Mama alilalamika kwamba mwaka huu tutakula ugali wa betri. Alizisogeza kwa ncha ya kidole, Masanja akazirudisha, mama akazisogeza tena, na hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyokwenda. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kama kumi, kazi yangu ni kufukuza kuku.

Masanja alikuwa ametoka machimbo ya Geita. Dhahabu hatukuiona. Alichorudi nacho ni redio kaseti moja kubwa na kanda moja, na ndani ya kanda hiyo wimbo mmoja tu ndio uliotushika. Kwa maelezo yake, ulianza kama santuri iliyotumwa kutoka Ulaya kwa kijana mmoja wa Kihindi, mwana wa mwenye duka la vitambaa pale Shinyanga mjini. Kijana akaurekodi kwa kuweka redio mbele ya spika, akampa dereva wa lori la pamba, dereva akaufikisha Geita, na Masanja akaupata ukiwa umeshapita mikono mingi. Ndiyo maana katikati ya wimbo alisikika mama mmoja akiita mtu kwa Kigujarati, pengine aende kula. Sisi tulidhani ni sehemu ya wimbo, na kila tulipofika hapo tulimwitikia kwa sauti. Ulikuwa wimbo wa disko, wa zile ngoma za umeme: dum, dum, dum, hazipandi hazishuki, na dada mwenye sauti ya usingizi akirudia maneno mawili. Nani aliuimba hatukujua wala hatukuuliza. Masanja alituambia kwamba mle ndani hakuna mpiga ngoma, ni mashine tu, basi nasi tukauita Mashine.

Jambo hilo la ngoma kukosa mpigaji lilimkera sana baba. Yeye alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma, na kwetu Usukumani baada ya mavuno ngoma ni mashindano ya kufa na kupona. Makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi na duara lake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Jua likizama wazee hutazama duara lipi lina watu wengi, na hilo ndilo lililoshinda. Hakuna alama, hakuna rufaa. Baba alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na Mzee Nkwabi, manju wa kundi la pili, na watu wake walikuwa wamemkalisha chini wakamwambia, kwa heshima zote, kwamba akishindwa tena atakabidhi ngoma kuu kwa mwingine. Baba asiyekuwa manju sikuweza hata kumfikiria. Jina lake lilikuwa limesahaulika. Kila mtu alimwita Manju, hata mama akiwa amekasirika.

Masanja, tena kwa nia njema, alimshauri aitumie redio kuvutia watu. Baba alicheka kicheko kile kisicho na furaha. Akasema mpiga ngoma anatoka jasho, anakosea, anamtazama mchezaji machoni, na akimaliza unampa pombe. Hiyo takataka ikimaliza utaipa nini, mafuta ya taa? Masanja alikuwa na hasira za karibu, urithi aliopewa na baba mwenyewe, ingawa hakuna aliyethubutu kuwaambia. Wiki haikuisha tukasikia Mzee Nkwabi amemchukua akapige Mashine kwenye duara lake. Mtoto wa manju kuhamia kwa mpinzani wa baba yake, jamani! Mama alianza kwenda kisimani ameinamisha uso. Jioni Masanja alipokuwa akijaribu redio yake kibandani, nilimwona baba kakaa nje kwenye kigoda, kageuza mgongo, anasonya, huku vidole vyake vinagonga goti.

Siku ya mashindano watu walikuja mpaka kutoka Tinde. Baba alijipaka dawa yake ya mvuto, akafunga njuga, na kundi letu likaanza vizuri. Kisha Mashine ikalia. Wee acha tu. Vijana walihama kwanza, wakafuata wasichana, kisha akina mama wenye watoto mgongoni, kila mmoja akijifanya anakwenda kuchungulia mara moja tu. Yule mama wa Kigujarati akiita, uwanja mzima unaitikia. Duara la baba likabaki na sisi wa nyumbani, wazee wachache na mbwa, na wapigaji wake walishaanza kumtazama kama mtu anayeagwa. Aliendelea kuimba huku sauti inamkauka. Nilimchukia Masanja kwa moyo wangu wote.

Jua lilikuwa limeshainama wakati wimbo ulipoanza kulegea, ukanguruma kama mtu anayekoroma, ukanyamaza. Redio ilikuwa imekula mkanda. Masanja akafungua akavuta utepe mweusi, umejisokota kama utumbo wa kuku, ukakatika mikononi mwake. Watu walingoja kidogo, kisha wakaanza kuzomea. Mmoja alimrushia bua la mtama, mwingine akamwambia arudi kwenye mashimo yake Geita. Mzee Nkwabi akasogea mbali naye kama hamjui. Na watu wakaanza kurudi kwetu, tena wanakimbia. Duara likajaa, wapigaji wakapata nguvu, mama akafuta machozi ya furaha. Tulikuwa tumeshinda, bado jua tu kuzama.

Lakini baba alikuwa anatazama ng'ambo. Masanja alikuwa amepiga magoti peke yake na utepe ule, kijana wa miaka ishirini. Baba akajitundika ngoma kuu shingoni akatoka katika duara lake. Tulidhani anakwenda kumkejeli, maana ndiyo kawaida ya manju anayeshinda. Alivuka uwanja, akasimama kando ya mwanawe, akaanza kuipiga Mashine kwa mikono yake. Dum, dum, dum, haipandi haishuki, vilevile kabisa. Alipofika mahali pa yule mama alinyamaza kidogo ili watu waite, nao wakaita. Uwanja wote ukamfuata. Masanja akainuka, akacheza huku analia. Jua likazama baba akiwa ndani ya duara la Mzee Nkwabi na watu wote wakiwa naye, na wazee wakatangaza walichopaswa kutangaza, kwamba Nkwabi ameshinda.

Asubuhi baba aliikabidhi ngoma. Mama, kwa uchungu, alimwuliza mbele yetu kama hakujua kwamba akivuka uwanja amekwisha.

"Nilijua," alisema baba. "Ulitaka niendelee kuimba, na mwanangu anazomewa?"

Masanja alikuwa mlangoni. Akaingia, akamwamkia shikamoo, salamu ambayo hakuwa ameitoa tangu wagombane, na marahaba ikachelewa lakini ikaja. Baba hakuongoza ngoma tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na watu wakaanza kumwita Baba Masanja.

Juzi hapa mjini binti yangu aliniwekea wimbo ule kwenye simu. Umesafishwa, hauna mikwaruzo, na jina la mwimbaji limeandikwa pamoja na picha yake, dada wa Kizungu mwenye nywele zilizotimka. Nilitikisa mabega, nisiseme uongo, na sitaki kuwa mama wa kulaumu kila kipya. Hata enzi zetu watu waliikimbilia Mashine wakamwacha baba nasi wa nyumbani, na mbwa. Katikati mtandao ukakata, binti yangu akabonyeza kidogo, wimbo ukaendelea. Akashangaa kuniona nalia. Nilikuwa namlilia baba. Siku hizi wimbo ukikatika unabonyeza tu, na hakuna anayelazimika kuacha alichokuwa nacho ili uendelee.