Tausi Alipoacha Kula

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala bandeji. Nilishika ndoo. Sista Mkuu, Mwingereza mrefu aliyetembea kama mtu anayewahi gari moshi, alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akasema kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "Kwanza utajifunza sakafu. Baadaye utajifunza mtu." Nikapiga deki wodi nzima ya wazazi. Nilikuwa mwali niliyetolewa ndani si zamani, na baba yangu alikuwa amekubali kwa shingo upande binti yake akalale kwenye bweni la wauguzi. Ilikuwa hospitali ndogo pale Kisarawe, miaka ile baada ya vita vikuu vya pili. Jina lake naliacha, maana tuliofanya kazi pale tuna watoto na wajukuu.

Aliyenifundisha kukamua tambara ni Tausi. Alitoka Gwata na alinitangulia kazini. Wauguzi wa kike tulikuwa wa kuhesabika. Vidonda na sindano vilikuwa kazi ya madresa, wanaume waliovaa kaptura nyeupe wakajiona nusu daktari. Sisi tuliwekwa kwa wazazi tukasomea ukunga: kusikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe cha mbao unachokiegemeza tumboni mwa mama, kupokea mtoto, kukanda tumbo baada ya kondo kutoka ili damu ikatike. Tausi aliijua kazi, na alikuwa mcheshi. Wazazi waliokuwa wakilia uchungu aliwachekesha mpaka wakasahau kumtukana mume. Na alikuwa mlaji. Kisamvu cha nazi alikifuata mpaka kwenye mwiko. "Mwanaidi," aliniambia, "kuzalisha watu na njaa tumboni ni kutwanga kinu kitupu. Kula."

Kisha akaletwa mgonjwa wa Soga.

Walimbeba kwa machela hadi stesheni, wakampakia gari moshi mpaka Pugu, na kutoka Pugu akapandishwa kilima kwa lori la mkaa. Alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika muda mrefu mno. Daktari akasema huenda atapasuliwa, kwa hiyo asipewe kitu mdomoni, kwani aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akiwa ameshiba huweza kutapika akapaliwa. Tausi ndiye aliyekaa naye. Binti yule akawa anamwambia, "Dada, nina njaa. Nipe uji kidogo." Tausi akamjibu, "Vumilia, mdogo wangu. Ukijifungua nitakupikia mimi mwenyewe." Alijifungua kabla ya kupasuliwa, mtoto akiwa amekwisha kufa, na damu ikakataa kukatika. Tulikanda, tukakanda. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tausi.

Sista Mkuu alifumba macho ya marehemu, akasema, "Kuna mwingine anakuja. Badilisheni shuka." Tausi akabadilisha shuka, akakunja pembe za kitanda kama ipasavyo, na jioni ile ile akazalisha mama mwingine salama. Hakuna aliyemwambia neno.

Mwanzoni hatukuona kitu. Alisema ameshakula, au atakula baadaye. Halafu nikaona tonge analitafuna, akizunguka nyuma ya nyumba ya dobi analitema. Sahani yake aliwapa ndugu wa wagonjwa. Mara nyingine nilimkuta jikoni amesimama, anakula makoko ya ugali upesiupesi kama mwizi, kisha nasikia anatapika yote. Mkanda wa sare aliukunja kwa pini ili umbane, kisha akaukunja tena. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Lakini wagonjwa aliwalisha kijiko kwa kijiko, kwa subira ya ajabu. Asubuhi nilikuwa namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anatazama ukuta. Nikimwita aliitika, ila sauti haikuwa na mtu ndani.

Siku hizi nyinyi mnajua kuiita sonona, na mnajua kwamba kukataa chakula nako ni ugonjwa. Sisi hatukuwa na majina hayo. Mpishi alisema ana mimba. Madresa walisema ana mashetani, apungwe. Mimi nilijua tu kwamba rafiki yangu anaondoka huku namwona.

Siku alipoanguka na beseni la vyombo mbele ya wagonjwa, Sista Mkuu aliniita. "Huyu atarudi kwao. Mkunga anayeanguka ataangusha mtoto."

"Sista," nikasema, "ukimrudisha Gwata atakufa. Kazi ndiyo kamba pekee aliyoishika."

Akasema, "Mpaka mwezi uandame. Akiwa hivi hivi, ataondoka."

Kabla mwezi haujaandama, mama mmoja mtu mzima aliingia barazani, amejitanda kanga nyeusi, viatu mkononi. Alikuwa mama yake yule binti wa Soga. Alikuwa amefuata kanga za mwanawe zilizobaki wodini. Nikamletea. Akazikumbatia, akauliza, "Nani alikuwa naye?"

Tausi alikuwa mlangoni. Nilidhani atakimbia. Akaja, akapiga magoti, "Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Alisema nini mwisho?"

Tausi akajibu, "Alisema ana njaa. Aliniomba uji. Nikamnyima. Akafa na njaa yake, mama, na mimi ndiye niliyemnyima."

Yule mama alimtazama. Aliona mifupa ya shingo, aliona mkanda ulivyokunjwa kwa pini. Nadhani alielewa yote pale pale.

"Sikiliza," akasema. "Mwanangu tangu mdogo, akiogopa husema ana njaa. Radi ikipiga, njaa. Siku ya kuolewa, njaa, na wali umejaa sinia. Haikuwa njaa ile. Ilikuwa hofu. Ulimshika mkono?"

"Nilimshika."

"Ulimwachia?"

"Sikumwachia."

"Basi ulimpa alichotaka."

Tausi akalia, kilio cha kwanza tangu siku ile. Yule mama akamweka kichwa mapajani, akamwacha alie. Sista Mkuu alitokea wodini, akasimama. Nikangoja amkemee, kwa kuwa sheria ilikuwa muuguzi halii mbele ya wagonjwa. Akageuka, akaufunga mlango polepole.

Wiki iliyofuata ilikuwa arobaini ya marehemu, na yule mama alitaka Tausi awepo. Sista alitupa ruhusa sote wawili bila kuulizwa mara ya pili. Tukashuka Soga kwa gari moshi. Baada ya hitima likaletwa sinia la wali, na yule mama akamkalisha Tausi ubavuni mwake. Hakumbembeleza. Alimega tonge akala, akasogeza nyama upande wa Tausi, akaendelea na habari za mvua. Tausi akala kidogo, na kikabaki tumboni.

Msidhani alipona siku ile. Alikwenda mbele na kurudi nyuma kwa miaka. Mwaka mmoja tulipohamishiwa zahanati ya Mlandizi, mvua zikafunga barabara na tukapoteza mama wawili, sahani ikaanza tena kurudi imejaa. Nilijifunza kutomsimamia wala kumhesabia matonge. Nilikaa naye tu, nikala changu, nikaongea. Siku nyingine alikula. Siku nyingine hakula, na kesho yake nikakaa tena. Aliolewa na fundi reli, akapata watoto, akanenepa, akakonda, akanenepa.

Alipofanywa mkunga mkuu, Tausi aliweka desturi yake. Mgonjwa akifariki, hakuna kugusa kitanda kwanza. Waliokuwepo wanakaa na Tausi uani, kila mmoja anasema alichokiona na alichokifanya, naye anasikiliza mpaka mwisho. Wakubwa walilalamika kwamba anapoteza muda wa kazi. Aliwaitikia kwa adabu na hakuacha.

Mimi nimestaafu na dua nyingi za akina mama, mgongo mbovu, na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana. Siku ya kumuaga Tausi kazini, binti mmoja aliyekuwa bado anajifunza alimshika mkono, akamuuliza, "Bibi, ukishaondoka, sisi tutakuwa tunamwambia nani?"

Tausi akawatazama wote waliosimama pale na sare zao nyeupe.

"Ambianeni," akasema.