Mama Yako Humwita Wifi

Kiwandani walimwita Mama Nukta, naye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani nakala za majaribio, za vitabu vya shule katika chumba kidogo nyuma ya mitambo ya kuchapia, ambako sakafu ilitetemeka mchana kutwa na kila kitu, hata mkate, kilinuka wino. Nukta ikikosekana, aliiona. Ikizidi, aliiona pia. Fundi mitambo alizoea kusema kwamba mama huyu hata akifa atafufuka kama jina lake limekosewa kwenye jeneza, na yeye alimjibu kuwa kwa mwandiko wa fundi huyo, atafufuka kweli.

Mumewe, mkaguzi wa shule, alifariki mapema akamwachia nyumba ya vyumba vitatu, kabati la vitabu na jina lisilo na doa. Mtoto hakumwachia. Mtoto aliletwa na kaka wa Mama Nukta mwenyewe, mkandarasi wa barabara. Mke wa kaka huyo alikuwa amejifungua mapacha wakati binti yao wa kwanza ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na nyumba ikawazidi nguvu. Kaa naye kidogo, wifi, mke huyo alimwambia, mpaka hawa wachangamke. Mapacha walichangamka, wakaanza shule, wakaanza kunyoa ndevu, na hakuna aliyerudi kumchukua dada yao.

Hakuna kilichofichwa. Binti alijua katoka tumbo la nani. Lakini neno “mama” alijifunzia katika ile nyumba ya vyumba vitatu, na wakati analijifunza, mbele yake palikuwa na mwanamke mmoja tu. Yule aliyemzaa alimwita “mama wa ghorofani”, kwa sababu baba yake alikuwa amejenga ghorofa. Watu wazima walicheka, wakaliacha hivyo hivyo.

Kazi ya prufu haiishii kiwandani. Msomaji huhitaji mtu wa kumsomea mswada kwa sauti, huku yeye macho yake yako kwenye karatasi iliyochapwa, na mswada husomwa pamoja na alama zake zote. Tangu alipojua kusoma, kazi hiyo ilikuwa ya binti. “Mto hubeba udongo mkato mawe na mchanga mkato na kwenda kuvimwaga bondeni nukta aya mpya,” angesoma, miguu ikining'inia kitini. Kwa njia hiyo alimeza jiografia, historia, sayansi ya mwili na sarufi kabla hata shule haijamfundisha. Mama Nukta alimbandika jina la Kasuku. Majirani walisema mtoto huyo anaongea kama ana kamusi tumboni.

Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa shule yake ilipomweka kwenye timu ya chemsha bongo ya televisheni, ile ya shule mbili kukaa uso kwa uso, kila timu na kitufe chake. Walishinda raundi ya kwanza, ya pili, wakaingia fainali. Na kadiri Kasuku alivyozidi kuonekana kwenye kioo, ndivyo kule ghorofani walivyozidi kukumbuka kuwa ni mtoto wao. Wifi mtu, aliyekuwa na saluni, alitundika picha ya binti ukutani juu ya mashine za kukaushia nywele, akawa anawaambia wateja kuwa akili hizo ni za upande wake.

Kisha kaka akaja, akakaa ukumbini bila kuvua koti. Alisema binti amekua, sasa ni wakati wa kurudi kwao, watu wanauliza. Mama Nukta alimjibu kwa upole kwamba mtoto mwenyewe ana mdomo, aulizwe. Wakakubaliana aachwe amalize fainali kwanza, asivurugwe akili, kisha achague mwenyewe atakaa wapi. Tangu siku hiyo Mama Nukta akawa roho mkononi. Kombe halikumhusu. Alichotaka ni binti aulizwe, na aseme nabaki kwa mama.

Siku ya fainali, kituo cha televisheni kilitenga viti viwili vya mbele kwa wazazi wa kila mshindani. Kaka na mkewe wakakaa hapo, wifi mtu kapaka poda mpaka shingoni. Msichana wa mlangoni alimuuliza Mama Nukta yeye ni nani wa mshindani. Angeweza kueleza. Akaona haifai kuanika mambo ya ukoo kwenye mlango wa watu, akasema, “Ndugu.” Akapelekwa safu ya tatu, nyuma ya kamera.

Studio ilikuwa na baridi ya mashine na taa za kuumiza macho. Kijana mmoja alisimama pembeni akiwaonyesha watu kwa mikono wakati wa kupiga makofi. Timu zilikwenda sambamba, huyu akipanda na yule anapanda, mpaka likabaki swali moja, nao wamefungana. Sheria ya swali la mwisho ilikuwa kwamba ukijua jibu unabonyeza hata kama swali halijakwisha, lakini ukikosea, wapinzani wako wanasomewa lote.

Mtangazaji alishika kadi yake. “Lugha yetu. Mama yako humwita mwanamke huyu wifi...”

Kitufe kililia. Alikuwa Kasuku, uso unang'aa, hana wasiwasi hata chembe.

“Mama,” alisema.

Mama Nukta alielewa papo hapo, na huenda katika studio nzima ni yeye pekee aliyeelewa. Wifi ni neno la kuitana: dada wa mume na mke wa kaka, kila mmoja humwita mwenzake hivyo. Binti alisikia “mama yako” akamwona aliyemlea. Huyo anamwita nani wifi? Anamwita yule wa ghorofani. Na yule wa ghorofani ni nani? Mama mzazi. Hata ungeligeuza swali, ukaanza na aliyemzaa, bado ungefika kwa aliyemlea, naye pia ni mama. Kwa mtoto yule swali halikuwa na jibu jingine.

Lakini kadi ilikuwa na jibu jingine. Mtangazaji alitikisa kichwa, akawageukia wapinzani, akasoma swali lote: mama yako humwita mwanamke huyu wifi, naye ni dada wa baba yako, wewe unamwita nani? Wakajibu kwa pamoja, shangazi, na kombe likawa lao. Yangeishia hapo, ingekuwa kushindwa kama kushindwa kwingine. Ila mtangazaji alikuwa mtu wa mizaha, na kamera ilikuwa bado inamtazama.

“Dada wa baba ndiye mama?” alimuuliza Kasuku. “Binti, huko kwenu mnaoanaje?”

Studio ilivunjika mbavu. Yule kijana wa pembeni hakuhitaji kumwonyesha mtu ishara. Kamera ilikwenda moja kwa moja kwenye viti vya wazazi, ikamkuta mkandarasi ameinamisha kichwa na mkewe ameficha uso kwa mkoba.

Kabla wiki haijaisha kipande hicho kilikuwa kwenye kila simu. Vibarua wa barabarani walimwona mkandarasi anakuja wakaanza kukohoa. Kwenye saluni, picha iliteremshwa. Shuleni, wenzake walimpokea Kasuku kila asubuhi kwa swali lile lile la mtangazaji, mpaka akaacha kula na wenzake. Nyumbani alilala na nguo za shule, uso ukutani. Mama Nukta alimwambia hakukosea. Binti akauliza, kama hakukosea, kwa nini wanacheka?

Jumapili waliitwa ghorofani. Kikao kilikuwa cha watu wanne kwenye makochi ya ngozi, mapacha wametumwa nje. Wifi mtu ndiye aliyeanza, na alianza na machozi. Alisema amedhalilishwa mbele ya nchi nzima kwa sababu mtoto wake hakufundishwa kutofautisha mama na shangazi, na wa kumfundisha alikuwa msomi, mtu wa kusahihisha vitabu vya watoto wa wenzake.

Mama Nukta alianza kueleza swali lilivyokaa. Kaka alimkatiza. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka.

“Dada, huwezi kupita unaeleza kwa kila mtu mwenye simu. Wanasema mimi na wewe. Unaelewa? Mimi na wewe. Baba yetu aliacha jina, na mumeo aliacha jina.”

Hilo lilimfika. Alikuwa amejikaza miaka yote ya ujane, hakukopa, hakugombana kisimani wala dukani, hakumpa mtu sababu ya kunong'ona. Alijiona akipita sokoni na vichwa vikisogeleana.

Kaka aliendelea kwamba dawa ni moja: binti ahamie kwa wazazi wake, watu wamwone anatoka humo na kuingia humo, na kuanzia leo kila mtu aitwe anavyostahili kuitwa. Halafu, kwa kuwa waliahidiana, alimgeukia binti. “Lakini tulisema utachagua. Haya, sema.”

Kasuku hakumtazama baba yake. Alimtazama Mama Nukta, kwa yale macho ya kungojea ambayo huwa nayo msomaji akifika neno lililofutika kwenye mswada. Midomo yake ilikwisha kujikunja kwa herufi ya kwanza. Neno moja la kumtia moyo lingetosha, hata kumkonyeza tu.

Mama Nukta aliinyoosha sketi yake magotini.

“Jibu sahihi ni shangazi,” alisema.

Binti alifumba mdomo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma mswada, “Ndiyo, shangazi.” Wifi mtu akajifuta machozi, akaleta chai, akamkaribisha sukari: karibu, shangazi yao. Mpaka vikombe vinakwisha, hata mfanyakazi wa ndani alikuwa amelishika jina hilo. Kaka alimshukuru dada yake kwa hekima, akasema marehemu shemeji angejivunia.

Alipoaga, binti aliambiwa amsindikize, naye akamsindikiza mpaka getini, nyuma yake kidogo, mikono mgongoni. Walisimama. Mama Nukta alitaka kusema kitu kuhusu nguo zilizobaki kwenye kamba, akaona si kitu cha kusema.

“Haya, shangazi,” alisema binti, kwa adabu kamili, macho makavu. “Wasalimie nyumbani.”

Nyumbani hapakuwa na mtu, na wote wawili walijua.

“Zimefika,” alijibu.